Kazi za Likizo za Kezia

Kumsenga, Kibondo
12 Januari 2014

Dada Asnath,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na mguu umepungua kuvimba. Sisi tupo. Immakulata alishikwa na malaria wiki ya mwaka mpya, sasa ameinuka na anapalilia. Nestori ameingia la tatu. Josepha ameanza la kwanza na kila siku anarudi bila penseli. Longinus mdogo anajua kusema kila kitu isipokuwa samahani. Mpe Kezia salamu za wote.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi imenipa likizo. Tangu niwe bwana shamba wa kata hii sijawahi kwenda likizo ya kweli. Nikipewa siku naishia kulima kwangu badala ya kufundisha wengine kulima kwao. Niliomba Juni, shule zikifungwa. Wakaniambia Juni ni ya mkubwa, mimi nichukue Februari au niache. Nimechukua. Nataka kuipeleka familia Kigoma ikaone ziwa, wiki moja, kwa rafiki yangu Marselino, halafu turudi tukae hapa nyumbani, watoto wangu wote wanne chini ya paa moja. Kwa hiyo namwombea Kezia ruhusa ya wiki tatu, kuanzia tarehe 8.

Najua ni katikati ya muhula. Najua yuko la saba. Na wewe nakujua pia, ndiyo maana nimeandika mapema, upate muda wa kugomba na muda wa kupoa.

Mdogo wako,
Nathaniel


Kasulu
26 Januari 2014

Nathaniel,

Marahaba. Mguu bado unavimba, asante kwa kuuliza. Kezia mzima, ana mafua tu. Paa la jikoni linavuja na fundi ananizungusha tangu Krismasi. Mpe Immakulata pole ya malaria.

Barua yako Pasikali konda aliniletea mpaka darasani. Nikaisoma mbele ya watoto wanaofanya zoezi, na siku hiyo nikashindwa kusahihisha hata daftari moja. Likizo ya familia, muhula ukiwa ndio kwanza umeanza, mtoto wa la saba. Umeanza lini mambo ya kizungu? Baba yetu alifika Kigoma mara moja maishani mwake, kupasuliwa ngiri, na hakuna aliyeiita likizo. Nilikupigia Ijumaa nikuambie haya kwa mdomo, ukasema mtandao unasumbua, ukakata. Mtandao haukusumbua. Basi tuandikiane, barua haikatwi.

"Watoto wangu wote wanne." Hiyo nimeiona. Sijui uliandika bila kufikiri au ulifikiri sana.

Ningekataa, nakwambia wazi. Lakini Kezia aliisoma barua kabla sijaificha, na tangu siku hiyo ananiuliza kama ziwa lina ng'ambo. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Bazilio, nimejidhalilisha, amekubali kwa sharti kwamba mtoto aende na kazi. Kazi nimetunga mwenyewe. Si za kunakili wala kukariri. Kwenye semina ya mwaka jana tulifundishwa kwamba mtoto akicheka ndipo anapojifunza, na mimi hilo naliamini kuliko mnavyodhani.

Njiani, kila basi litakaposimama, akisie sababu kabla hajaambiwa, kisha aandike kama alipatia. Akifika Kigoma achague samaki mmoja sokoni, aulize habari zake tangu majini mpaka kwenye sahani, amchore. Akija Kumsenga amfuate mwenyeji wake kutwa nzima, tangu kuamka hadi kulala, aandike kila kazi anayoifanya, na mwisho amuulize swali moja ambalo hajawahi kumuuliza mtu yeyote. Tena apande mbegu za maharage, apime kila asubuhi kwa uzi zimekua kiasi gani, mpaka zitoe maua, halafu achore ua.

Haya sasa si kazi, ni maagizo. Maji ya kunywa yachemshwe. Maharage yaliyolala hali. Asibebeshwe ndoo kichwani, shingo inamsumbua. Nimempakia sabuni yake. Arudi Jumapili tarehe 2 Machi kwa basi la Pasikali, kiti cha mbele.

Sijapoa.

Asnath


Kumsenga
28 Februari 2014

Dada,

Shikamoo. Tumerudi salama kutoka Kigoma. Marselino anakusalimu, amenenepa. Mahindi yamefika kifuani. Mbuzi mweusi amezaa mapacha na mmoja amekufa.

Nianze na mazuri, maana yapo. Kazi ya basi iliwafurahisha abiria wote. Tulipofika njia ya Uvinza basi zima likawa linakisia: pancha, au konda kamwona mchumba, au mbuzi wa mtu. Mzee mmoja aligombana na Nestori kwa sababu Nestori alipatia na yeye akakosa. Sokoni Kezia alichagua mgebuka, akamhoji mama muuzaji mpaka yule mama akamuuliza kama ametumwa na watu wa kodi. Nilicheka kama sijawahi kucheka tangu nianze kazi. Kwa hilo nakushukuru, una akili.

Sasa mengine. Jumapili iliyofuata tulikuwa uani, Immakulata anamenya muhogo. Kezia akafungua karatasi yako akasoma kwa sauti, "Nimfuate mwenyeji wangu kutwa nzima." Immakulata akauliza mwenyeji ni nani. Mtoto akajibu kwa adabu zote, "Ni wewe, Mama Nestori."

Mama Nestori. Kezia ndiye mtoto wetu wa kwanza, dada. Mtaa mzima ungekuwa unamwita mke wangu Mama Kezia kama Kezia angekuwa anaonekana hapa. Na huyo Kezia mwenyewe anamwita mama yake jina wanalomwita majirani. Anaomba ruhusa kuingia jikoni. Akipewa chakula anasema asante kwa wenyeji. Usiku wa kwanza alimpa Immakulata ile sabuni yako, zawadi ya mgeni. Mke wangu aliipokea kwa mikono miwili akaenda kuiweka, na alikaa huko ndani muda mrefu.

Hayo mwalimu wake ni nani? Na maji ya kunywa, dada, huku tunachemsha. Tulikuwa tunachemsha kabla hujaanza kufundisha.

Jumapili hatakuja. Kazi yako inasema apime maharage mpaka yatoe maua. Ameyapanda tarehe 16, sasa yana majani mawili mawili. Hakuna maharage duniani yanayotoa maua kwa wiki mbili. Wewe ni binti wa Buha, umelelewa kwenye shamba la maharage, ukaandika hivyo kwa mkono wako. Mtoto anasema kazi ya shangazi haiachwi katikati, na mimi siwezi kumfundisha kuacha kazi ya shule.

Nathaniel


Kasulu
4 Machi 2014

Nathaniel,

Marahaba. Huku mvua tu. Paa limetengenezwa na linavuja upande mwingine.

Jumapili nilisimama stendi na mwavuli na sweta la mtoto. Basi likafika limejaa tope mpaka madirishani. Nikamwona Pasikali anashuka peke yake, ananitazama kama mtu aliyeleta habari ya msiba, ananipa bahasha. Niliisoma palepale kwenye mvua. Wauza karanga waliniona nikisoma.

Maharage. Unanizuilia mtoto kwa ajili ya maharage. Wenzake wameanza majaribio ya kila wiki, yeye yuko huko na uzi anapima majani. Ndiyo, nilikosea muda wa maua, nilikuwa na madaftari ya darasa zima mezani na hasira zako kichwani. Ungekuwa mtu mwema ungecheka, ungempandisha basi. Umelipata kosa langu ukalifanya kufuli.

Na hiyo habari ya Mama Nestori usiniletee. Mtoto huita watu anavyosikia wakiitwa. Nyumbani kwenu miaka yote hii amesikia Mama Nestori, Mama Nestori. Nani kati yenu alimzuia? Mlikuja kumtazama huku mara ngapi? Wewe ulikuja ukiwa na semina za kilimo, ukala, ukalala, ukaondoka na chenji ya nauli. Nilimfundisha adabu. Akisema asante mnalia?

Kuna jambo lingine. Umeniandikia basi, umeniandikia samaki, umeniandikia maharage. Kazi ya tatu hujaniandikia. Alimfuata au hakumfuata? Aliuliza nini?

Jumamosi nitakuwa stendi tena. Mlete.

Asnath


Kumsenga
17 Machi 2014

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, barabara ilikatika na mabasi yalilala njiani. Nestori ana tambazi la jino. Wengine wazima.

Umeuliza, nakujibu. Alimfuata. Tangu alfajiri, kisimani, shambani, kwenye kuni, kutwanga, mpaka kwenye jumuiya ya kina mama alikaa nyuma na daftari lake. Immakulata mwanzoni aliona haya, akawa anajikausha mikono kila mara kama anakaguliwa. Mchana nikawasikia wanacheka huko kwenye migomba. Sikumbuki lini mtu aliwahi kumuuliza mke wangu kwa nini anafanya kazi hii kabla ya ile. Alijibu yote, na alijibu vizuri.

Jioni wako jikoni, mimi niko mlangoni natengeneza mpini wa jembe. Kezia akasema limebaki swali moja. Immakulata akasema uliza. Mimi nilidhani atauliza habari za kusuka mikeka. Akauliza, "Kwa nini mlinitoa?"

Immakulata hakunitazama. Akajibu kwa Kiha, polepole, na Kezia sasa anakielewa. Akasema, "Mimi sikukutoa. Sikuulizwa. Niliamka nikakuta hupo."

Ndivyo ilivyokuwa kazi yako ya tatu. Mtoto hakuandika jibu. Alifunga daftari akaenda kulala kitanda kimoja na mama yake, na tangu siku hiyo hamwiti tena jina la majirani.

Nina hasira, dada, na nyingi ni zako. Ulikuja kwetu kupumzika baada ya matanga ya shemeji. Tulikuwa tunakuhurumia wote. Ulisema nyumba yako Kasulu ina mwangwi, ukamtaka mtoto. Nikasema ngoja nimwambie mama yake. Ukasema, "Mwache alale, amejifungua juzi, mzazi hashauriwi." Mimi nilikuwa mdogo kwako na ulikuwa umevaa nguo nyeusi. Ungeniambia nikupe na ng'ombe ningekupa.

Kezia amesema anabaki. Hajalazimishwa, nimemuuliza mara mbili na mama yake mara moja. Naomba fomu ya uhamisho.

Nathaniel


Kasulu
23 Machi 2014

Nathaniel,

Salamu kwa watoto. Jino la Nestori lisitolewe na mtu wa mtaani, apelekwe hospitali.

Mtu akisoma barua yako atadhani niliingia kwako na panga. Nani alimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani? Nani alimpakata mpaka lori likapatikana, akanipa na kifurushi cha nguo zake kimefungwa vizuri? Ulikuwa na miaka thelathini na kazi ya serikali. Usijifanye leo ulikuwa mtoto wa kutumwa. Uligawa ukaenda kunywa chai, na leo unataka mimi peke yangu nibebe.

Alikuja ana viatu viwili visivyofanana. Surua nimemuuguza mimi. Kusoma nimemfundisha mimi, kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na huo ukuta sijaupaka chokaa mpaka leo. Kila asubuhi ya Mungu tulikwenda shule pamoja, yeye kulia kwangu, upande usio na magari. Ulidhani vitu hivyo vinarudishwa kwa fomu?

Na huyo Immakulata, kama aliumia hivyo, mbona miaka yote hakufungua mdomo? Mwaka gani alisema namtaka mwanangu?

Uhamisho hautoki. Mwambie mwalimu wako wa huko aniandikie mimi, nitamjibu.

Asnath


Kumsenga
7 Aprili 2014

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Jino limetolewa hospitali.

Kezia anakwenda shule ya hapa. Wanamruhusu kukaa darasani lakini hana namba. Mwalimu mkuu ameniambia bila uhamisho kutoka Kasulu hawezi kuingiza jina lake kwenye watahiniwa, na mwezi huu ukiisha mlango umefungwa. Septemba wenzake watafanya mtihani, yeye atakuwa anachota maji. Ukitaka kunipiga nipige mimi, ninapatikana. Unayempiga sasa si mimi.

Nilimsomea Immakulata barua yako. Ile sehemu ya kwamba hakufungua mdomo alinitaka niirudie. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua mpaka siku hiyo. Mwaka uleule, nilipokwenda kozi Mpwapwa, alimfunga Nestori mgongoni akapanda lori la muhogo mpaka Kasulu. Alifika kwako mchana. Ulimkaribisha kwenye kiti, ukampa chai na mkate, ukamwambia Kezia amelala, ana homa, asisumbuliwe. Akanywa chai. Wakati anakunywa alimsikia Kezia nyuma ya nyumba, anacheka, anaruka kamba na watoto wa jirani. Aliweka kikombe, akakushukuru, akarudi stendi. Aliona aibu kukwambia kwamba amesikia.

Alikuwa ameona aibu kwa ajili yako, dada.

Nathaniel


Kasulu
19 Aprili 2014

Nathaniel,

Kesho ni Pasaka. Nawatakieni heri. Mguu umeanza kunipa shida kwenye ngazi za shule, nitakwenda kupima. Huku hakuna jipya.

Kuhusu ile chai sitaandika kitu. Alikuja na nilimpa chai.

Bado nimekasirika na sitaki uniambie nipoe. Nimekukasirikia wewe, uliyenipa mtu ukijua si wako peke yako kumgawa, ukaniacha nimpende hivyo. Nimeikasirikia hata semina ile na akili yangu mwenyewe. Nilikaa mezani jioni nzima nikitunga kazi za kumfanya mtoto asinisahau, nikamtuma kwa mama yake na daftari na swali. Mtoto mwingine angeuliza kuhusu mikeka. Huyu nilimfundisha kuuliza mambo ya maana, na amefanya nilivyomfundisha. Darasani ningempa alama zote.

Mwalimu Bazilio aliniambia nikae kimya, mwezi uishe, mtarudi wenyewe mkipiga magoti. Anajua kazi yake. Nilimsikiliza mpaka Jumatano. Jumatano nikawasimamia watoto wengine majaribio ya hesabu, dawati lake liko wazi, nikawaza amekaa huko Kumsenga bila namba. Nimefundisha miaka ishirini na mbili. Nimewafungia watoto nje kwa kuchelewa, nimewachapa kwa uvivu, lakini hakuna mtoto niliyemzuia kuingia kwenye mtihani, na siwezi kuanza na huyu.

Fomu ya uhamisho imo ndani ya bahasha ya kaki. Imegongwa muhuri na kutiwa sahihi. Pasikali ameapa hataikunja. Vitabu vyake nimevifunga kwenye boksi, na nguo, na lile sweta. Mwambie Kezia hesabu za sehemu ndizo zinazomwangusha, arudie hizo kila siku. Mwambie sijamkasirikia yeye. Mwambie kwa maneno hayohayo.

Kuna jambo moja kwenye fomu. Tangu chekechea, mahali pa jina la mzazi nimekuwa najaza langu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Safari hii nilitaka kuandika la wifi. Nikashika kalamu nikakuta silijui. Namjua Immakulata, na Mama Nestori. Jina la baba yake silijui, ukoo wake siujui, na amekuwa wifi yangu miaka kumi na minne. Niliona haya kumwambia Mwalimu Bazilio na nikaona haya zaidi kukupigia simu wewe.

Nafasi hiyo nimeiacha wazi. Usiijaze wewe, Nathaniel. Mpe kalamu, umuulize.

Asnath